Ukombozi wa Boma la Kasanga

Neno kukomboa lilikuwa neno la sokoni kabla halijawa neno la madhabahuni au la jukwaani. Mtu akiweka pete yake rehani kwa mkopeshaji, siku ya kulipa deni huikomboa. Mtu akitekwa na maadui, jamaa zake hutoa fidia wakamkomboa. Katika mifano hii miwili mna mambo matatu yasiyotengana: kitu kilichozuiliwa, thamani iliyotolewa, na marejeo, yaani pete hurudi kidoleni mwa mwenyewe, na mateka hurudi kwao. Mtu akilipa fidia ya mateka kisha akamweka nyumbani mwake amtumikie, lugha yetu haisemi kuwa amemkomboa. Yasema amemnunua. Natanguliza maelezo haya kwa sababu nataka kuchunguza tukio moja la vita, dogo kwa ukubwa wake lakini zito kwa maana yake, na tusipopatana kwanza juu ya neno hatutapatana juu ya jambo.

Mimi nilizaliwa Wampembe, mji wa wavuvi ulioko chini ya ukingo wa uwanda wa Ufipa, mahali ambapo nchi huporomoka ghafula kutoka baridi ya Nkansi mpaka joto la Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mingi njia yetu kuu ilikuwa maji. Kusini kwetu, karibu na mpaka wa Zambia, iko bandari ya Kasanga, na kila mtoto wa mwambao ule hukua akisikia kwamba Kasanga zamani ilikuwa na jina jingine. Iliitwa Bismarckburg, kwa heshima ya waziri mkuu wa Ujerumani ambaye katika maisha yake yote hakukanyaga ardhi ya Afrika. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walijenga boma la mawe juu ya rasi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wakalifanya makao makuu ya wilaya. Mabaki ya kuta zake yangalipo.

Niliziona kuta hizo mara ya kwanza nikiwa mtoto, kutoka katika sitaha ya meli Liemba. Meli hiyo nayo ina kisa chake. Ilijengwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lenyewe. Kwa hiyo chombo cha chuma kilipewa jina la nyumbani miaka thelathini na minne kabla ya watu kupewa nchi yao. Sisemi hivi kwa mzaha mtupu.

Sasa nije kwenye tukio. Mwishoni mwa Mei 1916 jeshi lililoongozwa na Luteni Kanali Murray lilivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, likaingia Ufipa. Majini kulikuwa na kikosi cha Kamanda Spicer-Simson, yule ambaye vyombo vyake viwili, Mimi na Toutou, vilikokotwa nchi kavu kupitia Kongo mwaka 1915, wakashangaa waliosikia habari hiyo. Tarehe 5 Juni kikosi hicho kilifika mbele ya Bismarckburg. Kamanda akalitazama boma, akahofu mizinga yake, akageuza vyombo na kwenda zake. Husimuliwa kwamba baadaye iligunduliwa kuwa baadhi ya mizinga ile ilikuwa magogo ya miti. Wadachi wakapata usiku wa kupakia watu wao vyomboni na kutoroka ziwani. Tarehe 8 Juni watu wa Murray wakaingia katika boma lililokwisha kuachwa. Bendera moja ilikuwa imeshuka, nyingine ikapanda.

Hivyo ndivyo mji mdogo wa Kijerumani katika mwambao wetu ulivyokombolewa, ikiwa ulikombolewa. Washindi hawakusita kulitumia neno hilo, au jingine lenye sura yake. Katika mabishano ya amani huko Versailles mwaka 1919 moja ya hoja za kuwanyang'anya Wajerumani makoloni ilikuwa kwamba waliwatenda wenyeji kwa ukatili, na kwamba haingekuwa haki kuwarudisha watu hao katika mikono ile. Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Mzee yeyote wa nchi hii aliyeishi zama za Wadachi alijua maana ya hamsa ishirini, yale mapigo ishirini na matano ya kiboko yaliyokuwa dawa ya kila kosa. Alijua kodi, alijua kazi ya lazima. Wala hatuna haja ya kwenda Ufipa peke yake. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyoletwa makusudi baada yake, vyatosha kuwa ushahidi.

Basi aliyekuwa akipigwa hakupigwa tena na mkono ule. Je, hilo si ukombozi?

Tujaribu kwa kipimo cha rehani. Thamani ilitolewa, hapana shaka. Swali ni nani aliyeitoa. Vita vya Afrika ya Mashariki havikupiganwa kwa magari wala kwa farasi, kwa maana mbung'o waliwaua wanyama na mvua zikazila barabara. Vilipiganwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Jeshi la Murray lilishiba kwa chakula kilichobebwa na watu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambao kwao jina la kazi hiyo lilikuwa tenga-tenga. Upande wa Waingereza waliandikwa wapagazi kwa mamia ya maelfu, na vifo walivyokiri wakubwa wao vilikaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Waliokufa upande wa Wadachi hawakuhesabiwa vema na mtu yeyote. Mwenyeji wa Dar es Salaam anayekwenda sokoni Kariakoo, au wa Nairobi anayepita Kariokor, hutamka jina la kikosi hicho cha wapagazi kila siku bila ya kukusudia matanga. Kwa hiyo fidia ya Kasanga ililipwa, na waliolipa ni watu walewale walioambiwa kwamba wanakombolewa, au ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka. Mtu aliyetoa fidia yake mwenyewe hadaiwi shukrani na mpokezi wa fedha.

Na marejeo je? Pete ilirudi kidoleni mwa nani? Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji waligawana koloni. Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji, sehemu kubwa iliyobaki ikaenda kwa Waingereza. Mwaka 1920 ikapewa jina la Tanganyika, na mwaka 1922 ikawekwa rasmi chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Mdhamini ni neno zuri. Lakini katika baraza lililoteua mdhamini hapakuwa na Mfipa, wala Mlungu, wala Mnyamwezi, wala mtu yeyote wa nchi iliyodhaminiwa. Kodi iliendelea. Vijana wa Ufipa waliendelea kushuka uwandani kwenda kutafuta fedha ya kodi hiyo katika mashamba ya mkonge ya pwani na, baadaye, katika migodi ya shaba ya kusini. Nilipokuwa kijana nilimwuliza mzee mmoja wa Wampembe nani alishinda vita vya Wadachi. Alifikiri kidogo, kisha akanijibu kwamba yeye hakuona ushindi wala ushinde. Aliona wale wakiondoka na hawa wakija.

Hapa msomaji mwenye haki atanizuia, na ana sababu ya kunizuia. Atasema: wewe wapima ukombozi kwa nia ya mkombozi na kwa cheo cha taifa, lakini watu hawaishi katika mataifa tu, waishi pia katika nyumba, na nyumbani mlikuwa na watumwa. Hili ni pingamizi kubwa kuliko yote, nami nimelifikiri muda mrefu. Wadachi, pamoja na majigambo yao yote ya kupambana na biashara ya watumwa, hawakupata kuufuta utumwa wenyewe katika koloni hili. Waliuzunguka kwa sheria. Mwaka 1901 walitoa amri ya kumruhusu mtumwa ajikomboe kwa kulipa thamani yake. Kwa amri ya mwaka 1904 watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwisho wa 1905 walihesabiwa kuwa huru, wazazi wao wakabaki walipo. Ni serikali ya Kiingereza iliyopiga marufuku utumwa kwa sheria ya mwaka 1922. Mwanamke aliyenunuliwa kwa vitambaa huko Kirando au Kasanga katika ujana wake, akazeeka akiteka maji ya wengine, mwaka huo alikuwa na haki ya kuweka mtungi chini na kuondoka. Ningekwenda kwake na hoja yangu ya pete na rehani, angenitazama kwa huruma.

Kwa hiyo nakiri: mwanamke huyo alikombolewa. Hata kama aliyeifungua pingu aliifungua kwa ajili ya sifa zake, au kwa kuogopa macho ya Geneva, mguu uliotoka ulitoka kweli. Nia mbaya haiwezi kuufanya mguu ulio nje urudi ndani. Nikikataa hili kwa kutaka hoja yangu iwe nyofu, nitakuwa nimemfanyia yule mwanamke jambo ambalo mabwana wote walimfanyia, yaani kumsemea.

Lakini kukiri hili hakumalizi mambo; kwanza kunayaanza. Maana kama siku moja na jeshi moja vyaweza kuwa ukombozi kwa mmoja na mabadiliko ya bwana tu kwa mwingine, basi neno hili halina mwenyewe mmoja. Tuangalie mfano wa mbali. Tarehe 29 Aprili, 1945 majeshi ya Marekani yaliingia Dachau, mji mdogo karibu na München. Kandokando ya mji huo palikuwa na kambi yenye wafungwa zaidi ya elfu thelathini, wenye njaa na maradhi, na maiti zilizorundikwa. Kwa wafungwa wale siku hiyo ilikuwa ukombozi usiohitaji maelezo. Kwa wakazi wengi wa mji, waliokuwa wakipika na kulala na kwenda kanisani karibu na kambi ile kwa miaka kumi na miwili, siku hiyo ilikuwa ya kushindwa. Askari walikuwa walewale, jua lilikuwa lilelile. Mji mmoja ukawa na siku mbili. Tena ilipita miaka arobaini kabla Rais wa Ujerumani ya Magharibi, Richard von Weizsäcker, hajasimama bungeni tarehe 8 Mei, 1985 na kuwaambia Wajerumani kwamba kushindwa kwao kulikuwa ukombozi kwao pia, ukombozi kutoka katika utawala wa mabavu wa Wanazi. Wengine walimshukuru, wengine waliudhika. Linalonigusa mimi ni kwamba neno lile liliwafaa lilipotoka kinywani mwa mtu wao. Jenerali wa Marekani angeweza kulisema kila mwaka kwa miaka arobaini, lisiingie moyoni.

Nasi Kasanga nani alitusemea? Vita vyenyewe vilitupitia tena mwishoni, kana kwamba havikutaka tuvisahau. Jenerali wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, aliingia Rhodesia ya Kaskazini Novemba 1918, na habari za amani zikamkuta kwenye mto Chambeshi siku chache baada ya Ulaya kunyamaza. Tarehe 25 Novemba alisalimisha silaha zake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, mwendo mfupi kutoka Kasanga. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, na nyuma yao wapagazi na wanawake na watoto. Wote wakateremshwa mpaka Bismarckburg ya zamani, wakapakiwa vyomboni kwenda Kigoma, kisha wakapanda treni. Jenerali alirudi kwao, na Machi 1919 akapita Berlin kwa shangwe chini ya lango la Brandenburg. Askari wake waliwekwa kambini Tabora, na humo mafua makali ya mwaka 1918 yakawaua wengi wakingoja ruhusa ya kwenda makwao. Watu wa mwambao waliowatazama wakipita Kasanga waliona washindwa weupe na washindwa weusi katika msafara mmoja. Yaelekea walitambua pia nyuso za waliokuwa wakiwachapa hamsa ishirini, maana aliyeshika kiboko aghalabu alikuwa mtu mweusi kama wao. Hesabu ya ukombozi haikuwa rahisi hata kwa aliyesimama ufukoni akiona kwa macho yake.

Katika Ufipa kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanifundisha zaidi kuliko majenerali hawa. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria kwa fedha, wakamsomesha, wakampeleka Malta kujifunza utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kaskazini ya kwetu, akawatibu watu wa mwambao huo mpaka alipofariki mwaka 1956. Huyu alikombolewa kwa maana ya asili kabisa ya neno: fedha ilihesabiwa mkononi. Lakini hakurudishwa kwao. Je, kwa kipimo changu alinunuliwa tu? Nimejibishana na nafsi yangu juu ya hili, na jibu nililolipata si safi kama nilivyotaka. Naona waliomlipia walimpa nusu ya uhuru, nao ni kuondoka katika mikono ya wauza watu. Nusu ya pili hawakuweza kumpa, kwa kuwa hapana mtu awezaye kumpa mwenziwe. Aliifanya mwenyewe kwa miaka sitini na saba, kitanda kwa kitanda, mpaka Karema ikawa kwao. Wazee waliotibiwa naye hawakumtaja kama mali ya misheni. Walimtaja kama mganga wao.

Nikirudi sasa kwenye kipimo changu, naona chahitaji kurekebishwa. Nilisema mkombozi lazima arudishe kitu kwa mwenyewe. Lakini mtu si pete. Hawezi kurudishwa alipokuwa, kwa kuwa alipokuwa pamekwisha kubadilika naye amebadilika. Linalowezekana, na linalodaiwa, ni mkombozi aondoe mkono wake. Avunje mlango, kisha asisimame mlangoni. Waingereza walisimama mlangoni miaka arobaini na mitano, tangu Juni 1916 mpaka tarehe 9 Desemba, 1961, na siku hiyo ya pili ilihitaji kutafutwa na watu wenyewe kwa mikutano na kadi za chama. Shukrani kwa sheria ya 1922 twadaiwa, na tuilipe. Utii hatukudaiwa kamwe, na kosa la watawala wale lilikuwa kudai cha pili kwa hati ya cha kwanza.

Ni rahisi kusema haya juu ya Waingereza. Kipimo ambacho hakitugusi sisi wenyewe nakishuku. Sisi Watanzania tuliipa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na neno hili likawa letu kuliko la mtu mwingine yeyote. Kisha mwaka 1978 Idi Amin aliivamia Kagera, na majeshi yetu yakamfukuza mpaka yakaingia Kampala, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, tarehe 11 Aprili, 1979. Watu walitoka njiani wakicheza. Hakuna awezaye kuniambia kwamba furaha ile ilikuwa ya uongo. Lakini njiani kuelekea Kampala uko mji wa Masaka, ulioingiwa na majeshi yetu Februari mwaka huo, na mizinga yetu iliuacha magofu, kwa kiasi kikubwa ili kulipiza yaliyotendwa Kagera. Majeshi yetu yaliondoka Uganda mwaka 1981, na hilo ni jambo la kuhesabiwa kwa wema, kwa maana wakombozi wachache katika historia wameondoka upesi namna hiyo. Uchaguzi uliofanyika kabla hawajaondoka, wa Desemba 1980, ulibishaniwa na kufuatwa na vita vingine. Mtu wa Masaka aliyerudi akakuta kuta bila paa ana haki ya kuchagua neno lake kwa siku ile. Akisema ukombozi, tushukuru. Akitumia neno jingine tusimsahihishe, kwa sababu hilo ndilo alilofanyiwa mzee wangu wa Wampembe, na lilituuma.

Miaka michache iliyopita nilifuatana na wanafunzi kwenda kuziona kuta za boma la Kasanga. Walikuwa na madaftari, na mmoja alitaka kujua aandike nini juu ya tarehe 8 Juni, 1916: kutekwa kwa Bismarckburg, kama visemavyo vitabu vingine, au kukombolewa kwa Kasanga, kama walivyosema washindi? Nilimweleza kwa kirefu mambo haya niliyoyaandika hapa, na nadhani nilimchosha. Mwishowe nikamwambia aandike kama alivyosema yule mzee, kwamba ni siku waliyoondoka Wadachi na kuja Waingereza. Akaandika. Mwenziwe, msichana aliyekuwa amekaa juu ya ukuta akilitazama ziwa, akauliza mawe haya makubwa yalipandishwa hapa rasini na nani. Swali hilo lilikuwa jepesi, na wote walilijibu kabla yangu.